Breki Zinapopiga Kelele: Fundi Anawajibu Wasomaji

Tangu mvua za masika zianze, barua nyingi mno zimetufikia kuhusu breki. Karibu zote zina neno moja tu: "zinalia". Neno hilo halimtoshi fundi. Kabla hujapeleka gari gereji, andika kelele inatokea lini: mguu ukiwa kwenye pedali au ukiwa umeutoa, asubuhi gari likiwa baridi au baada ya nusu saa ya msongamano, ukienda mbele au ukirudi nyuma, mfululizo au mara moja kwa kila mzunguko wa gurudumu. Mwenye gari akifika na majibu hayo, fundi mwema huacha kubahatisha, na fundi wa kubahatisha hukosa sababu ya kukuuzia spea usizozihitaji.

Kila mvua inaponyesha usiku, asubuhi Nissan Note yangu hukwaruza nikikanyaga breki za kwanza kutoka getini. Nikiingia Barabara ya Ngong kelele imekwisha. Ninunue pedi? — Msomaji, Dagoretti Corner

Usinunue kitu, dada. Diski, ile sahani inayozunguka pamoja na gurudumu, ni chuma cha kusubu, na unyevu wa usiku mmoja unatosha kuiotesha utando mwembamba wa kutu. Pedi, vile vipande vinavyoibana diski ili gari lisimame, huufuta utando huo kwa breki tatu au nne, ndiyo maana kelele hufa kabla hujafika mbali.

Angalia mambo mawili tu. Kwanza, kama gari limekaa wiki mbili bila kuguswa na mkwaruzo haujaisha baada ya breki kumi hivi, kutu imeshachimba diski na inafaa ikaguliwe. Pili, baada ya kuoshwa gari au kuvuka maji usiivute handibreki na kuiacha usiku kucha kama umeegesha mahali tambarare. Viatu vya breki vya nyuma hugandamana na dramu, lile bakuli la chuma vinalolisugua kwa ndani, na asubuhi unasikia "tak!" ukiondoka. Weka gia ya P, au gia ya kwanza kwa gari la gia za mkono, kisha zuia tairi kwa jiwe.

Probox yangu inatoa sauti nyembamba kama filimbi nikiwa naendesha tu, bila kugusa breki. Nikikanyaga, inanyamaza. Fundi mmoja anasema ni beringi, mwingine anasema ni pedi. Nimwamini nani? — J.K., Ruiru

Mwamini wa pedi, lakini hakikisha kwa macho yako. Pedi nyingi zina ulimi mdogo wa chuma uliopinda, mara nyingi kwenye pedi ya ndani. Pedi ikibaki na milimita 2 hadi 3, ulimi huo huigusa diski na kuanza kulia kwa makusudi, ili mwenye gari asikie. Ukikanyaga breki, ulimi hubanwa na sauti hubadilika au hukatika. Beringi haina tabia hiyo. Beringi mbovu hunguruma kwa sauti nzito inayopanda kadiri mwendo unavyopanda, na hubadilika gari likiinama kwenye kona: ukikata kulia, uzito huhamia kushoto, hivyo beringi ya kushoto ikiwa mbovu hukoroma zaidi. Kukanyaga breki hakuibadilishi.

Ukaguzi wenyewe unaweza kuufanya nyumbani. Egesha mahali tambarare pagumu, vuta handibreki, weka mawe nyuma ya tairi za nyuma. Legeza nati za gurudumu la mbele kabla ya kupiga jeki, kisha inua gari na uliweke juu ya stendi. Usiingize mkono wala kichwa chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Toa gurudumu, zungusha usukani upande huo ili uione vizuri kalipa, lile koleo linalobana pedi kwenye diski, uchungulie kwenye tundu la mgongoni mwake. Pima ile sehemu ya kusugua tu. Bamba la chuma inayogandia halihesabiwi. Pedi mpya huwa na milimita 10 hadi 12. Ikibaki 3, panga kubadilisha wiki hii. Ikibaki 2, gari lisitoke.

Sasa usiishie kwenye unene. Linganisha pedi ya ndani na ya nje. Zikiwa zimeisha sawa, kalipa ni nzima. Ya ndani ikiwa imeisha na ya nje bado nene, kalipa haitelezi kwenye pini zake au pistoni inayosukuma pedi hairudi. Pedi ikiwa imeliwa mshazari, upande mmoja nene na mwingine nyembamba, pini mojawapo imeganda. Watu wengi hubadilisha pedi, wakaacha pini zilizoganda, na baada ya miezi michache wanarudi dukani kulalamika kwamba pedi ni feki.

Ukizibadilisha mwenyewe, kwenye Toyota nyingi ndogo bolti za pini ni namba 14. Toa ya chini, uinue kalipa juu. Kama unaitoa yote, ifunge kwa waya kwenye springi. Usiiache ining'inie kwa paipu ya mpira, kwa sababu nyuzi za ndani hukatika bila kuonekana nje. Fungua kifuniko cha tangi la mafuta ya breki, weka pedi kuukuu juu ya pistoni, uirudishe polepole kwa jiliwa la mkono. Mafuta yatapanda tangini, kwa hiyo yapunguze kwanza yakiwa yamejaa hadi ukingoni. Yakimwagika kwenye rangi ya gari, mwagia maji mara moja, maana hubambua rangi. Paka pini grisi ya silikoni. Grisi ya kawaida ya beringi huvimbisha mipira, pini zikaganda tena.

Badilisha pedi za magurudumu yote mawili ya mbele, usibadilishe upande mmoja. Na kabla ya kuwasha gari uondoke, kanyaga pedali mara kadhaa hadi iwe ngumu. Pistoni ziko mbali na pedi kwa wakati huo. Breki ya kwanza bila kufanya hivyo huzama hadi sakafuni, na ajali nyingi za "nimetoka tu gereji" huanzia hapo.

Fundi, yangu imeshapita filimbi. Sasa inakwaruza chuma kwa chuma. Naweza kuvuta hadi mwisho wa mwezi? — Msomaji, Embakasi

Hapana. Leo, kabla ya kesho.

Kwanza hakikisha si jiwe. Barabara zetu za changarawe hurusha kokoto katikati ya diski na bati la kukinga vumbi lililo nyuma yake, na mkwaruzo wake hutisha kuliko ubaya wake. Dalili yake ni kwamba hulia mfululizo hata usipokanyaga breki. Rudisha gari nyuma mita chache polepole. Mara nyingi kokoto huanguka. Ikikataa, toa gurudumu na uisukume ipite kwa bisibisi, kisha urudishe bati lililopinda kwa mkono.

Lakini kama mkwaruzo unakuja na kuongezeka ukikanyaga, na diski ina mifereji unayoihisi kwa ukucha, pedi imeisha na bamba la chuma ndilo linalosugua. Kuanzia hapo hasara inakimbia. Diski ambayo ingeweza kubaki inaharibika. Pistoni inatoka nje kuliko ilivyokusudiwa, na sili yake ikiteguka mafuta ya breki humwagika. Nguvu ya kusimamisha gari nayo imeshapungua sana, kwa kuwa chuma juu ya chuma hakishiki kama pedi. Pedi za Probox au Vitz ni sehemu ndogo tu ya gharama ya diski mbili na kalipa.

Ukibadilisha, angalia ukingo au kitovu cha diski. Kuna maandishi yaliyogongwa kuonyesha unene wa chini unaoruhusiwa. Kwa magari mengi madogo diski mpya ya mbele ina milimita 22 na mwisho wake ni 20, lakini namba inayohesabika ni ile iliyo kwenye diski yako. Ikiwa chini ya hapo, usikubali ichongwe kwa mashine. Diski nyembamba hupasuka ikipata moto.

Nimeweka pedi mpya wiki iliyopita. Zinalia kuliko zile za zamani, hasa nikikaribia kusimama kwenye taa. Fundi alizitoa akazipiga msasa, zikanyamaza siku tatu, zikaanza tena. — W.M., Umoja

Kelele hii husumbua watu zaidi ya zote, na wengi hushauriwa vibaya juu yake. Tuitazame inakotoka. Pedi ikishika diski haitulii kabisa. Hutetemeka maelfu ya mara kwa sekunde, na diski hutoa mlio. Kinachozuia mtetemo huo ni vitu vidogo ambavyo mafundi wengi wa haraka huvitupa chini pamoja na pedi kuukuu: vibati vyembamba vya mgongoni mwa pedi, na vibanio vya springi ambamo masikio ya pedi hukaa. Muulize fundi wako vilikwenda wapi. Kama hakuvirudisha, umepata jibu.

Msasa uliondoa utando unaong'aa juu ya pedi. Mtetemo haukuguswa, ndiyo maana siku tatu baadaye uko palepale.

Dawa yake ni hii. Ondoa pedi. Sugua kwa brashi ya waya pale zinapokaa kwenye fremu ya kalipa hadi kutu yote itoke. Pedi inapaswa kuteleza kwa kidole bila kulegea. Weka vibanio vipya. Rudisha vibati vya mgongoni, na ukipake kila kimoja grisi ya shaba au ya joto kali, kiasi cha utando mwembamba, upande wa chuma pekee. Tone likigusa uso wa pedi, pedi hiyo imekwisha. Kuna wanaopulizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye diski ili kelele ikome. Kelele hukoma kweli, na breki hukoma nayo. Mtu akikushauri hivyo, chukua ufunguo wako uondoke.

Kisha zoeza pedi. Hatua hii karibu kila mtu huiruka. Tafuta barabara tulivu isiyo na gari nyuma yako. Endesha kilomita 60 kwa saa, kanyaga breki kwa nguvu ya wastani hadi ufike 20, usisimame kabisa, achia, endesha sekunde 30 hivi zipoe, rudia. Fanya hivyo mara kumi. Mwishowe endesha dakika kumi bila kugusa breki sana. Pedi huacha utando wake mwembamba na sawa juu ya diski, na ndipo hushika vizuri. Ukitoka dukani moja kwa moja hadi kwenye msongamano wa Barabara ya Jogoo, utando huo hukaa mabaka mabaka.

Ikiwa bado zinalia baada ya haya yote, basi pedi zenyewe ni ngumu mno au duni. Ukienda kununua Barabara ya Kirinyaga au Grogan, beba namba ya chesisi na pedi kuukuu mkononi ulinganishe umbo. Fungua boksi papo hapo. Pedi nzuri ina namba zilizochapwa wazi kwenye bamba, haina nyufa ukingoni mwa gundi, na boksi lake mara nyingi lina vibati ndani. Tafuta stika ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na usiifanye kuwa ushahidi pekee, kwani hata stika hughushiwa. Pedi zilizokwisha kutumika, hata zikiwa zimetoka Japani, usinunue. Huwezi kujua zimeungua au zimelowa mafuta kiasi gani.

Nina Hiace ya abiria 14. Nyuma inatoa "kwii, kwii" nikienda polepole, na tukitoka njia ya vumbi inazidi. Mbele tumeshabadilisha pedi, haijasaidia. — Mwenye matatu, Ongata Rongai

Hiace ina diski mbele na dramu nyuma, kwa hiyo pedi za mbele hazikuhusika tangu mwanzo. Dramu ni chombo kilichofungwa. Vumbi likiingia halina pa kutokea, linakaa kati ya viatu na uso wa dramu.

Achia handibreki, zuia tairi za mbele pande zote mbili, inua nyuma juu ya stendi mbili. Dramu ikiwa imekwama, usiipige nyundo ukingoni. Dramu za Toyota zina matundu mawili yenye nyuzi: ingiza bolti za milimita 8, kaza moja kidogo, kisha nyingine, kwa zamu, na dramu itatoka yenyewe. Ikiwa imeng'ang'ania kwa sababu viatu vimechimba ukingo, punguza kwanza kirekebishaji, kile kinachosogeza viatu karibu na dramu, kupitia tundu la bamba la nyuma.

Vumbi lililomo usilipulize kwa kompresa wala kwa mdomo. Unga wa breki ni hatari kwa mapafu, na viatu vya zamani huweza kuwa na asbesto. Lowesha kwa maji ya sabuni au kisafisha breki, pangusa kwa kitambaa, kitambaa kitupwe. Vaa barakoa, na kijana wa gereji avae pia.

Sasa kagua kwa utulivu. Unene wa kiatu: mwisho kwa vitabu vya Toyota ni milimita 1, ila kwa gari linalobeba abiria 14 kutwa nzima tungebadilisha kikifika 2. Inua kidogo ukingo wa mpira wa silinda ya gurudumu. Ukikuta majimaji, silinda inavuja na viatu vilivyolowa havisafishiki, vyote vibadilishwe. Tazama bamba la nyuma mahali viatu vinapoegemea: vile vituta vidogo vikikauka na kuota kutu, kiatu hulia kila kinaposogea. Visugue, upake kila kimoja grisi ya joto kali kiasi cha punje ya mchele. Mara nyingi huko ndiko "kwii" inakotoka. Springi zilizolegea au kubadilika rangi kwa moto ziondoe. Kipenyo cha juu kabisa kimeandikwa ndani ya dramu yenyewe. Ikizidi hapo, haichongwi tena.

Ukirudisha, kaza kirekebishaji hadi dramu iguse viatu kidogo, kisha rudisha nyuma mpaka izunguke huru. Gari la uchukuzi wa umma hukaguliwa na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya, kila mwaka, lakini vumbi la Rongai halingoji mwaka. Fungua dramu hizo kila miezi mitatu.

Demio yangu hugonga "ngo!" nikikanyaga breki. — P.O., South B

Barua yako fupi mno, ndugu, hivyo tunakupa vipimo vitatu na kila kimoja kina maana yake.

Ndani ya uwanja, rudi nyuma, kanyaga breki, nenda mbele, kanyaga, kanyaga tena. Ikigonga mara ya kwanza tu baada ya kubadilisha mwelekeo, pedi zinacheza ndani ya fremu ya kalipa. Mlio mdogo wa kugonga ni kawaida. Mkubwa ni kibanio kilichopotea au pedi zisizo za gari hilo.

Pita kwenye matuta madogo bila breki. Ikigongagonga, rudia ukiwa umegusa pedali kidogo tu. Ikinyamaza, kalipa inacheza kwenye pini.

Ikigonga kila unapokanyaga, na usukani ukivuta kidogo pembeni, ondoka kwenye breki utazame bushi, ile mipira iliyo kwenye mkono wa chini unaoshika gurudumu, hasa ile ya nyuma, na kiungo cha tufe (bol jointi). Breki hapo inasingiziwa; inachofanya ni kusukuma gurudumu nyuma hadi bushi iliyokufa igonge.

Ila kabla ya vyote hivyo, hasa kama breki ziliguswa karibuni, shika spana ukague bolti mbili zinazofunga fremu ya kalipa. Hizo hukazwa kwa nguvu kubwa, karibu niutoni mita 100 kwa magari madogo mengi. Fundi akiitwa na mteja mwingine katikati ya kazi, bolti hubaki za mkono. Kalipa ikidondoka, hulifunga gurudumu.

Tulipoteremka Mai Mahiu na Forester, harufu ya kuungua iliingia ndani, pedali ikawa laini, na tangu siku ile usukani hutetemeka nikikanyaga breki nikiwa kwenye kasi. — Familia moja, Kikuyu

Mlikuwa karibu na hatari kubwa, na tunashukuru mlifika. Gari la kilo 1,500 likishuka mita 100 za wima huku breki pekee ndizo zinalizuia, breki hupokea karibu megajuli 1.5 za joto, zinazotosha kuchemsha zaidi ya lita nne za maji ya bomba. Mteremko wa Mai Mahiu ni mita nyingi kuliko mia. Joto hilo huingia kwenye mafuta ya breki. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka nyuzi 205, lakini yakishanyonya unyevu wa hewa huchemka nyuzi 140 tu. DOT 4 huanza na 230 na kushuka hadi 155. Yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubanika, na pedali huzama. Ulaini mlioupata ndio huo.

Basi jambo la kwanza: badilisha mafuta yote ya breki na mtoe hewa magurudumu manne. Hubadilishwa kila miaka miwili hata kama rangi yake bado inapendeza. Mtumie aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha tangi. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi na hizo nyingine, na mafuta ya injini au ya usukani huvimbisha sili zote za mfumo.

Mtetemo sasa. Watu husema diski "imepinda". Mara nyingi haijapinda. Pedi yenye moto mkali huacha mabaka juu ya diski, hasa gari likisimama kileleni mwa joto huku mguu umekandamiza pedali. Mabaka hayo hushika kuliko sehemu nyingine, na kila mzunguko unauhisi mkononi. Usukani ukitetemeka, tazama mbele. Kikitetemeka kiti, tazama nyuma. Toa diski, sugua kwa brashi ya waya uso wa kitovu inapokaa, kwa kuwa ganda la kutu lisiloonekana huifanya ichezecheze. Fundi mwenye geji aipime: mchezo ukizidi milimita 0.05, mguu utauhisi. Kisha nati za magurudumu zikazwe kwa mkono, kwa umbo la nyota, na kumalizia kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Mashine ya hewa inayokaza nati moja hadi mwisho kabla ya nyingine huleta tatizo hili upya.

Harufu ikitoka gurudumu moja tu, hadithi ni nyingine: kalipa imeng'ang'ania. Inua gurudumu hilo baada ya mwendo mfupi. Likikataa kuzunguka, fungua kidogo nati ya kutolea hewa. Likifunguka mara moja, shinikizo lilikuwa limenaswa, na paipu ya mpira imejikunja ndani. Likibaki limekwama, pistoni au pini zimeganda.

Safari ijayo, shusheni gia kabla ya mteremko, si katikati yake. Gari la otomatiki liwekwe gia ya 3 au ya 2 kwa mkono, injini ilishike. Breki zikanyagwe kwa nguvu kidogo na kuachiwa, zipate kupumua, badala ya mguu kulala juu ya pedali kilomita nzima. Zikianza kunuka, ingieni kando mahali salama na mngoje. Msimwage maji juu ya diski yenye moto, hupasuka.

Nikifungua mlango wa Aqua asubuhi nasikia mngurumo mdogo mbele, sekunde chache, kabla hata sijawasha. — Msomaji, Kileleshwa

Ni pampu ya breki inajaza shinikizo. Magari ya haibridi ya Toyota hufanya hivyo mlango wa dereva ukifunguliwa au pedali ikiguswa. Hofu ianze tu pampu ikijirudia kila baada ya sekunde chache bila wewe kugusa kitu, au taa za onyo zikiwaka. Hapo peleka kwa mwenye mashine ya kusoma makosa. Na mwambie yeyote anayebadilisha pedi za Aqua atenganishe kwanza waya hasi wa betri ndogo ya volti 12 na asubiri dakika chache, kwa sababu mtu akifungua mlango kalipa ikiwa wazi, pampu inaweza kuitoa pistoni nje.

Kwenye matope nilikanyaga kwa nguvu, pedali ikanipiga mguu na sauti ya "grrr". Niliinua mguu kwa hofu. — A.N., Kitengela

Hiyo ni ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki kwa nguvu, inafanya kazi yake. Wakati mwingine usiinue mguu. Kandamiza zaidi na uongoze usukani.

Nikikanyaga breki nasikia "fsss" karibu na miguu yangu, na pedali imekuwa ngumu siku hizi. — Msomaji, Kasarani

"Fsss" fupi peke yake ni hewa inayoingia kwenye busta, yaani lile bakuli jeusi linalousaidia mguu wako, na si ugonjwa. Ugumu wa pedali ndio unaotutia wasiwasi. Pima hivi: zima injini, kanyaga pedali mara tano au sita hadi iwe ngumu, ishikilie ikiwa chini ya mguu, kisha washa. Busta nzima itaifanya pedali izame kidogo injini inapowaka. Isipozama, na "fsss" ikiendelea muda wote unaposhikilia, ngozi ya ndani ya busta imetoboka, au paipu ya hewa kutoka kwenye injini imepasuka, au vali yake ndogo ya njia moja imekufa. Anza na paipu na vali, kwa kuwa ndizo rahisi na nafuu. Vuta vali utoke nayo, puliza kwa mdomo pande zote mbili, hewa ipite upande mmoja tu.

Gari lenye busta iliyokufa bado husimama, lakini kwa nguvu nyingi za mguu na kwa umbali mrefu zaidi. Usiliingize Barabara ya Thika katika hali hiyo. Mwite fundi aje nyumbani, au lipelekwe gereji kwa gari la kuvuta.